Maneno Yaliyofutwa Nyuma ya Jalada

Saa ya simu ilisoma dakika 41 na sekunde chache pale wimbo wa mwisho wa upande wa pili wa kaseti yangu ulipokwisha nami nikabonyeza kitufe. Niliandika tarakimu hizo kwenye kipande cha bahasha, chini ya zile nilizokuwa nimezipata kutoka kwenye CD ya albamu hiyohiyo: dakika 39. Nilidhani nimekosea kubonyeza, nikarudisha mkanda mwanzo na kupima tena. Jibu halikubadilika.

Ilikuwa usiku wa Novemba, Mikindani, katika lile joto zito la kungoja mvua. CD ilikuwa imefika jioni ile kwa basi la kutoka Dar es Salaam, ikiwa imefungwa ndani ya boksi la viatu. Msimu wa korosho ulikuwa umenipa fedha kidogo za ziada, nami nikazitumia kwa kitu nilichokitamani kwa muda mrefu: toleo jipya na halali la Transilvanian Hunger, albamu ya Darkthrone, bendi ya Norwe ya bleki metali, ule muziki wa magitaa makali na sauti za kukwaruza, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1994. Niliijua albamu hiyo kama ninavyoijua njia ya kwenda nyumbani. Lakini CD ilipoanza kulia, nilihisi kwamba kuna mtu anaukimbiza muziki wangu. Magitaa yalikuwa juu kuliko nilivyoyazoea, sauti ya mwimbaji ilikuwa nyembamba, na ule mwendo wa ngoma ambao siku zote niliusikia kama hatua za mtu anayetembea usiku bila kupumzika, sasa ulikuwa mwendo wa mtu anayefukuzwa.

Dakika mbili na ushee zikiongezwa juu ya dakika 39 zinatosha kuishusha sauti ya wimbo mzima kwa nusu ya toni. Kosa lilikuwa la kaseti yangu.

Kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa nimeipenda albamu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuirekodi.

Jambo hilo lilinikaa moyoni kwa majuma mengi. Hata hivyo, kilichoninyima usingizi mwishoni hakikuwa tena kile kilichonishangaza usiku ule.

Kaseti ya baharia

Binamu yangu alikuwa baharia. Msimu mmoja wa korosho, miaka ya mwanzo ya 2000, meli yake ilitia nanga katika bandari ya Mtwara, naye akalala kwetu siku nne. Katika mfuko wake kulikuwa na kaseti ya dakika 90 aliyonakiliwa na mwenzake huko Durban. Upande wa kwanza ulikuwa na Altars of Madness ya Morbid Angel, bendi ya dethi metali, muziki ulio ndugu wa bleki metali, iliyorekodiwa katika studio ya Morrisound huko Tampa, Florida, na kutolewa mwaka 1989 na kampuni ya Earache ya Uingereza. Upande wa pili ulikuwa na hao Darkthrone. Kaseti haikuwa na jalada. Ilikuwa na karatasi ya daftari iliyokunjwa, yenye majina mawili ya bendi na majina mawili ya albamu, kwa wino wa buluu.

Hakukubali kuniachia, na sikumlaumu. Usiku wa mwisho tuliziweka redio mbili uso kwa uso na kuziunganisha kwa waya. Soketi ilikuwa moja, kwa hiyo redio ya kunakilia ilipewa umeme, na ile ya kuchezea ikapewa betri zilizokuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zirudishe nguvu. Msomaji aliyekulia na redio kaseti amekwisha kuelewa kilichotokea. Betri zikichoka, mkanda huvuta miguu na sauti huzama. Mimi sikuwa na kitu cha kulinganishia. Niliamini kwamba muziki wenyewe ndivyo ulivyo: mzito, wa taratibu, wenye giza la chini kabisa.

Mama alikuwa uani akichambua mchele, akasikia ngurumo ya mwimbaji ikitoka ndani. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, "Huyo ana nini?" Kisha akaongeza, "Amepandisha?"

Kwetu pwani hilo ni swali la kweli. Mtu akipandisha mashetani, sauti yake hubadilika, naye hupigiwa ngoma mpaka kile kilichomo ndani yake kiseme kinataka nini. Mama hakukasirika wala hakuogopa. Aliuliza kama auguzaye mtu. Nilimjibu kwamba ni wimbo tu wa Wazungu, lakini swali lake lilinipa njia ya kusikiliza ambayo sijaiacha hadi leo. Nilipoisikia sauti ile, sikusikia mtu anayejigamba. Nilisikia mtu anayeumwa.

Ninasali, na nisingekuwa mkweli kama ningeipita nukta hii haraka. Muziki huu umejaa maneno ya kukufuru, na mara nyingi nimejiuliza kama mtu wa Ijumaa anaweza kukaa nao chumba kimoja. Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa kwamba sielewi maneno. Ya Morbid Angel yalimezwa na ngurumo, na ya Darkthrone mengi ni ya Kinorwe. Nilichukua sauti, nikaacha ujumbe kwa wenyewe. Jibu hilo lilinitosha kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

Andagraundi

Katika Kiswahili cha muziki wetu, andagraundi ni msanii ambaye bado hajatoka. Neno hilo lina huzuni ndani yake: mtu yuko chini, anapiga hodi, anamtafuta mtayarishaji wa kumtoa. Katika bleki metali na dethi metali, watu hukaa chini kwa chini kwa kupenda. Miaka ya 1980, kabla ya intaneti, vijana wa Florida, Stockholm, Oslo na Belo Horizonte walipelekeana kaseti za majaribio kwa posta, wakiambatanisha barua na vijarida vilivyotolewa nakala kwa mashine. Wengine walipaka sabuni au gundi juu ya stempu ili muhuri wa posta uoshwe na stempu itumike tena. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza nilizikumbuka betri zetu juani, nikajihisi ndugu yao.

Undugu huo una mipaka yake, nami nilichelewa kuiona. Darkthrone walianza kama bendi ya dethi metali, na albamu yao ya kwanza, Soulside Journey ya mwaka 1991, waliirekodi katika studio ya Sunlight huko Stockholm, ileile iliyozipa bendi za Uswidi ule mkwaruzo mzito wa magitaa uliokuja kujulikana dunia nzima. Sauti safi waliijua, na mlango wa studio nzuri ulikuwa wazi kwao. Kisha wakageuka. Transilvanian Hunger ilirekodiwa kwa mashine ndogo ya kurekodia yenye njia nne tu za sauti. Fenriz, mmoja wa wanabendi, alipiga ala zote peke yake, na mwenzake Nocturno Culto akaongeza sauti. Mvumo wa mkanda, ukavu wa magitaa na ngoma zinazosikika kama ziko chumba cha pili vilitafutwa kwa makusudi.

Kwao sauti mbovu ilikuwa uamuzi. Kwetu ilikuwa hali.

Toleo jipya ni kitu gani

Tuko watatu tunaosikiliza muziki huu kwa dhati katika kona hii ya nchi, kwa kadiri ninavyojua: mimi, mwalimu mmoja wa sekondari aliyeko Masasi, na rafiki anayeuza dawa mjini Lindi. Kwa miaka kadhaa tumebishana juu ya matoleo ya upya, kwa sababu yamekuwa mengi kuliko albamu mpya zinazotufikia. Kila kampuni ndogo ya Ulaya na Marekani inafungua makabati, inatoa kanda za zamani, inazisawazisha na kuziuza tena katika santuri nzito na hata katika kaseti.

Mimi nilikuwa upande wa asili. Nilisema kwamba anayekwenda kurudisha kitu hana haki ya kukitengeneza. Nilikuwa na hoja ya kifundi pia, na hoja hiyo bado naisimamia. Tangu miaka ya 1990 mafundi wengi wamekuwa wakizibana sauti ili albamu isikike kubwa kuliko ya jirani: sehemu zenye sauti ndogo zinapandishwa, vilele vinakatwa, na umbali kati ya mnong'ono na ngurumo unapotea. Albamu ya dethi metali ikibanwa hivyo, sikio huchoka baada ya nyimbo tatu, kwa sababu hakuna tena mahali pa juu pa kupanda. Earache wenyewe walifika mahali wakatoa upya albamu zao za zamani bila kuzibana, Altars of Madness ikiwamo. Ngoma za Pete Sandoval wa Morbid Angel, ambazo kwenye nakala nyingi ni ukuta mmoja wa kelele, zinahitaji nafasi hiyo ili mtu asikie kwamba ni mikono miwili na miguu miwili ya mwanadamu.

Mwalimu alinijibu kwa mifano ambayo sikuweza kuiangusha. Demilich wa Ufini walitoa albamu moja tu, Nespithe, mwaka 1993: dethi metali iliyopinda kama mizizi ya mkoko, na mwimbaji ambaye sauti yake inatoka tumboni bila msaada wa mashine yoyote. Mwaka 2014 kampuni ya Svart iliikusanya albamu hiyo pamoja na kanda za majaribio, na watu wa rika la wanafunzi wa mwalimu wakaipata. Timeghoul wa Missouri, Marekani, hawakuwahi hata kutoa albamu. Waliacha kanda mbili za majaribio, za mwaka 1992 na 1994, mpaka kampuni ya Dark Descent ilipoziunganisha mwaka 2012. Mwalimu aliniuliza, bila kupandisha sauti, kama ningependa kanda hizo zingebaki zilivyo ndani ya sanduku la mtu fulani.

Mfano wa ndugu Cavalera, wa bendi ya Sepultura ya Brazili, ulitugawa zaidi. Max na Igor walirekodi Bestial Devastation mwaka 1985 na Morbid Visions mwaka 1986, wakiwa vijana wadogo wa Belo Horizonte, na magitaa yao hayakuwa yamelingana sawasawa. Mwaka 2023 walizirekodi upya zote mbili wakiwa watu wazima wa zaidi ya miaka 50, kwa ala zilizopatana na mikono iliyokwisha kujua kazi. Rafiki wa Lindi alizipenda mno. Mimi nilizisikiliza mara mbili nikaona kwamba kila kitu kimerudi isipokuwa ile hofu ya vijana ambao hawajui kama wimbo utafika mwisho bila kuanguka, na hofu hiyo ndiyo niliyokuwa nikiifuata.

Nadhani ukali wangu ulitokana na mahali tunapoishi. Sisi wa kusini tunajua kukaa na nakala huku asili ikiwa mbali. Mifupa ya mijusi mikubwa iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 imesimama Berlin, na mjusi mmoja ana kimo cha zaidi ya mita 13. Mtoto wa Lindi huiona kwenye picha. Basi niliposhika neno "asili", nililishika kwa mikono miwili.

Nyuma ya jalada

Majuma mawili baada ya usiku ule wa kupima dakika, nilikaa na simu nikitafuta picha za toleo la kwanza la Transilvanian Hunger, lile la mwaka 1994. Nilitaka kitu kidogo tu. Nilitaka kuona kama weusi wa jalada, ile picha ya Fenriz akiwa amepaka uso na kushika kinara cha mishumaa, ulikuwa mzito zaidi kuliko kwenye CD yangu. Niliona mbele. Nikageuza nyuma.

Nyuma paliandikwa: Norsk Arisk Black Metal.

Neno la kwanza nililijua, ni Kinorwe. La tatu na la nne ni jina la muziki wenyewe. La pili, yaani "ya Kiarya", sikuhitaji kamusi. Mtu yeyote aliyesoma historia ya Vita Kuu ya Pili shuleni anamjua Mwarya anayesemwa hapo ni nani, na anajua katika ngazi ile ya Wanazi ya kupanga rangi za watu sisi tuliwekwa wapi.

Niliendelea kusoma mpaka usiku wa manane. Maneno ya nyimbo nne za mwisho yaliandikwa na Varg Vikernes, ambaye mwaka huohuo wa 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21 kwa kumuua mwanamuziki mwenzake, Øystein Aarseth wa bendi ya Mayhem, na kwa kuchoma makanisa, na ambaye mawazo yake ya ubaguzi hayakuwahi kuwa siri. Albamu iliyofuata ya Darkthrone, mwaka 1995, ilibeba tamko kwamba wao si bendi ya Kinazi wala ya kisiasa. Yale maneno ya nyuma ya jalada yaliondolewa katika matoleo ya baadaye.

Nilichukua CD yangu nikaigeuza chini ya taa. Nyuma palikuwa safi.

Mvumo wa mkanda ulikuwa umeachwa vilevile, kama nilivyokuwa nimedai kwa miaka yote. Ukavu wa magitaa ulikuwa umeheshimiwa. Kilichosafishwa kilikuwa ni neno moja ambalo lingeniambia kwamba mlango huu haukujengwa ukinifikiria mimi. Na kaseti yangu, ile yenye kosa, ile iliyonakiliwa kwa betri za juani, haikuwa na jalada kabisa. Upungufu ule niliouonea aibu mbele ya mwalimu ndio uliokuwa umenikinga.

Majuma matatu ya kimya

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba waliosafisha jalada walifanya vizuri. Nani angetaka maneno yale yaendelee kuchapishwa na kuuzwa? Wazo la pili lilikuja asubuhi yake na kulipinga la kwanza. Kijana anayenunua albamu hii leo hana namna ya kujua, na kutojua kwake hakukuja kwa bahati kama kwangu. Kumepangwa. Aliyeandika maneno yale akiwa kijana amepata fursa ya kurudi na kuyafuta, na aliyeyasoma hakupata fursa ya kuulizwa.

Kila siku ninapokwenda mjini napita chini ya boma la Wajerumani la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895. Limekarabatiwa kwa uangalifu mkubwa, kuta zake zimepakwa chokaa upya, na sasa ni hoteli. Ni jengo zuri, na sitaki kujifanya kwamba silioni uzuri wake. Wakati wa kazi ile ya ukarabati vijana wengi wa hapa walijifunza ufundi, na jengo lililokuwa gofu limerudi kuwa jengo. Lakini majuma yale nililitazama kwa jicho jingine. Nilijikuta nikifikiri juu ya chokaa: kwamba kuupaka ukuta ni kuuhifadhi, na papo hapo ni kufunika kila kilichowahi kuandikwa juu yake. Sikupata jibu pale barabarani. Niliendelea na safari yangu.

Rafiki wa Lindi alikata shauri mara moja. Alifuta albamu kwenye simu yake, akaniambia kwamba dunia ina muziki wa kutosha na hana haja ya kula meza moja na mtu anayemhesabia rangi. Siwezi kusema kwamba amekosea. Mwalimu alikaa kimya muda mrefu kwenye simu, kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, miaka yote ile ulikuwa unasikia nini?" Nilimweleza habari ya mtu anayeumwa. Akasema, "Basi hilo ulilisikia wewe. Hawakukupa wao." Nilitaka maneno hayo yanifariji, na kwa siku mbili yalinifariji. Siku ya tatu niliyaona kuwa mepesi. Kama kila ninachosikia ni changu, kwa nini nilizitumia fedha za korosho kukitafuta kwao?

Kwa majuma matatu sikuweka kaseti wala CD.

Mama sasa ni mtu mzima sana, na chumba chake kiko ukuta mmoja na changu. Jioni moja, nilipompelekea uji, aliniuliza, "Yule mgonjwa wako yuko wapi siku hizi?" Alikuwa akimkumbuka kwa jina hilo tangu usiku ule wa redio mbili. Nilikaa kitandani mwake nikamweleza yote, polepole, maana ilinibidi nimweleze kwanza Norwe ni wapi na Mwarya ni nani. Nilisisitiza kwamba nyimbo zenyewe haziwataji watu wetu, zinasema zaidi habari za baridi, usiku na mauti, na kwamba wenyewe walikwisha kujitenga na maneno yale. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika bakuli.

"Kwa hiyo yeye alikuwa ametufungia mlango," alisema, "na sisi huku tulikuwa tunamhurumia."

Hakuongeza neno. Alikunywa uji wake.

Tangu hapo nilielewa kwamba nilikuwa nimelishika swali vibaya. Nilikuwa nikiuliza ipi ni albamu ya kweli: ya dakika 39 au ya dakika 41, ya jalada chafu au ya jalada safi, kana kwamba nikiipata ya kweli nitajua la kufanya. Mama aliziweka zote mbili katika sentensi moja bila kuzipatanisha. Chuki yao ilikuwa ya kweli, na huruma yetu ilikuwa ya kweli, na vyote vilikuwa ndani ya mkanda uleule.

Duma

Katika kimya kile nilisikiliza vitu vipya, na nilivitafuta karibu zaidi. Blood Incantation wa Colorado nilikuwa nao tangu mwaka 2024, katika albamu ya Absolute Elsewhere waliyoirekodi studio ya Hansa, huko huko Berlin kwenye mifupa yetu: vipande viwili virefu, kila kimoja cha dakika kama 20, dethi metali inayofunguka ghafla na kuwa anga tupu. Ni kazi kubwa, na ningeweza kuiandikia makala yake peke yake. Lakini nilichohitaji wakati ule hakikuwa anga.

Nilirudi kwa Duma. Martin Kanja na Sam Karugu, vijana wa Nairobi, walitoa albamu yenye jina hilo mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni yule mnyama wetu mwenye mbio, na kwa kweli muziki wenyewe una kasi hiyo. Baadaye nilijifunza kwamba jina ni la Kikuyu, na maana yake ni giza. Hakuna ngoma za kawaida humo. Kuna mashine zinazopiga kama mvua ya mawe juu ya bati, gitaa lililosagwa, na sauti ya Kanja inayopasuka mpaka mtu anageuza uso. Wapo watakaosema kwamba hiyo si bleki metali, na kwa vipimo vya makabila ya muziki huenda wana haki. Mimi nilisikia kitu nilichokuwa nimekikosa: giza ambalo halikuhitaji kukopwa kwenye theluji.

Mwaka 2024 Kanja, akijiita Lord Spikeheart, alitoa The Adept kupitia lebo yake mwenyewe aliyoiita Haekalu. Aliitoa kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, aliyekuwa na cheo cha juu cha Field Marshal katika vita vya Mau Mau. Nilisoma hilo kabla ya kusikiliza, na nilipoisikiliza niligundua kwamba sikuwa nikisikia mgonjwa tena. Nilisikia mtu anayejua amerithi nini. Nilikaa na albamu ile siku nyingi, na ilinipa nguvu, lakini haikuifuta ile nyingine. Nilitarajia itaifuta. Ningependa kuandika hapa kwamba muziki wa kwetu ulichukua nafasi ya muziki wa kwao na nikatulia, ila haikuwa hivyo. Usiku wa manane, jenereta ya jirani ikizimwa na bahari ikisikika, kilichonijia kichwani bado kilikuwa ule mwendo wa polepole wa mtu anayetembea bila kupumzika, nusu toni chini ya mahali alipowekwa.

Karatasi ya daftari

Juzi mpwa wangu alikuja kutoka Mtwara mjini. Yuko kidato cha nne, ameanza kupiga gitaa, na amezisikia habari za kaseti. "Shikamoo mjomba," alisema mlangoni, na kabla hajakaa vizuri alitoa flashi mfukoni akaomba nimnakilie.

Niliitoa kaseti kwenye kasha lake. Karatasi ya daftari bado iko, nakala ya ile ya baharia niliyoiandika mwenyewe usiku ule, imekuwa ya njano na wino umefifia. Chini ya jina la Darkthrone palikuwa na nafasi ya mistari miwili. Nilichukua kalamu nikaandika mwaka, 1994, na yale maneno ya Kinorwe kama yalivyokuwa nyuma ya jalada, na chini yake Kiswahili chake. Mkono wangu haukupenda kuyaandika. Nikaongeza kwamba baadaye yaliondolewa, na kwamba kaseti hii inakwenda polepole kwa sababu ya betri.

Mpwa aliisoma karatasi mara mbili, akaipiga picha kwa simu. Hakusema lolote kwa muda. Kisha aliniuliza anakili ipi, ya dakika 39 au ya dakika 41.

Nilimwambia anakili ya 41, na picha ya karatasi aiweke ndani ya faili hilohilo.